Kamera Mpya ya Tulia na Kifungo Changu

Kamera ya kwanza ya binti yangu ilikuwa ndogo, ilienea kwenye mfuko wa aproni yangu pamoja na mkasi na futi ya kupimia. Ilikuwa ya rangi ya fedha, imechubuka pembeni, na kwenye kitanzi chake nilikuwa nimefunga uzi mwekundu ili isichanganywe na ya mtu mwingine. Alipewa na mama mmoja ambaye binti yangu alimfanyia kazi za ndani miaka miwili. Yule mama alipohama mji aliona hana pa kuiweka, akamwambia, "Chukua, utajifurahisha nayo." Binti yangu hakujifurahisha nayo. Aliifanyia kazi miaka saba.

Tuna chumba kimoja cha kupanga kinachotazama barabara. Mbele, karibu na mlango, kuna cherehani yangu, kwa sababu mshonaji anahitaji mwanga. Katikati nimetundika pazia. Nyuma ya pazia kuna stuli moja, kitambaa cheupe kinachoning'inia ukutani, na binti yangu. Mlangoni tumeandika kwa rangi: TUNASHONA NGUO. PICHA ZA VITAMBULISHO. Jirani yetu, Mama Mapacha, ambaye anauza mkaa mlango wa pili, huwaambia wateja wake kwamba pale kwetu mtu anaweza kuingia na kitambaa akatoka na sura.

Jina la utani la binti yangu ni Tulia. Kila mtu anayekaa kwenye ile stuli, yeye humwambia maneno yale yale kwa sauti ile ile: "Tulia. Usicheke. Usinune." Watoto wa mtaa wakalichukua neno, na baada ya mwaka hakuna aliyekumbuka jina lake jingine. Na mimi nikawa Mama Tulia, jambo linalowachekesha wanaonijua, maana mimi tangu nizae sijatulia hata siku moja. Nikisikia pikipiki imefunga breki, naacha kushona niende kuchungulia.

Alikuwa mtoto wa kutazama sana na kusema kidogo. Alipomaliza shule, na matokeo hayakumpeleka popote, nilimkalisha kwenye cherehani nimfundishe. Mwezi wa tatu alishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, mteja akalivaa akawa kama mtu anayegeuka nyuma. Nikamwambia, "Mwanangu, riziki yako haiko kwenye uzi." Ndipo akaenda kufanya kazi za ndani, na akarudi na ile kamera.

Nieleze sasa habari ya kifungo, kwa sababu yote yaliyotokea yanatoka hapo.

Kule nyuma ya pazia mwanga ni hafifu. Ile kamera ndogo ilikuwa ikielekezwa usoni kwa mtu aliyekaa mbele ya kitambaa cheupe, inashindwa kushika. Lenzi inatoka, inarudi, inatoka tena, kama kobe asiyejua kama mbwa ameondoka. Picha inatoka na ukungu. Tulia alihangaika nayo wiki nzima, kisha akagundua kwamba akiielekeza kwenye kitu cheusi chenye ukingo unaoonekana vizuri, inashika papo hapo. Akaniomba nimwekee alama kwenye kitambaa. Nikachukua kifungo kikubwa cheusi cha koti la mteja ambaye hakurudi kulichukua, nikakishona upande wa kushoto, usawa wa sikio la mtu aliyekaa.

Tangu hapo alikuwa na njia yake. Anaelekeza kamera kwenye kifungo, anabonyeza nusu, kamera inalia "pii", anairudisha usoni kwa mtu bila kuachia kidole, anasema "Tulia", kisha anabonyeza mpaka mwisho. Picha inatoka safi, mtu na kitambaa chake. Mimi nikiwa mbele nashona nilikuwa nasikia kila hatua kupitia pazia. Mkono wake uliijua ile safari ya kwenda kwenye kifungo na kurudi kama mkono wangu unavyolijua tundu la sindano.

Kazi yake ya uhakika ilikuwa moja tu, chuo cha wauguzi kilichoko juu ya barabara yetu. Kila mwaka, kabla wanafunzi hawajaanza mazoezi wodini, wanapigwa picha za vitambulisho. Asiye na kitambulisho hapiti kwenye geti la hospitali, hata kama amevaa sare. Anayesimamia ni Matroni, mama mrefu ambaye akikutazama unakagua kucha zako bila kutaka. Mwaka huu alimwita Tulia akamwonyesha kitambulisho cha mwaka jana.

"Huyu ni nani?" akamuuliza.

Tulia akatazama, akasema hajui.

"Hata mimi sijui, na nimemfundisha mwaka mzima. Walinzi wananiambia wasichana wangu wote wamezaliwa na mama mmoja. Nataka picha inayomwonyesha mtu. Kama hiyo kamera yako imezeeka, ile studio ya karibu na stendi wana taa kubwa, nitawapa wao."

Hayo Tulia alinieleza akiwa amesimama mlangoni, hajaingia ndani. Wateja wengine ni wapita njia, leo wawili, kesho hakuna. Chuo kikiondoka, pazia langu lingekuwa linagawa chumba cha nini.

Jumamosi tulikwenda wote dukani. Muuza kamera alikubali kuichukua ile ndogo na sisi tuongeze juu yake. Mimi nilitaka tubaki nazo zote mbili. Nikamnong'oneza binti yangu, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Muuzaji alikuwa na masikio.

"Mama, huu msala haupiti," akasema. "Kwa hii kamera, ukimpiga mtu picha unahesabu nyusi zake moja moja."

"Na mtu akishahesabiwa nyusi, anapata nini?" nikamuuliza.

Akacheka. Tulia alimweleza kwamba chumba chetu kina giza, naye muuzaji akamchagulia lenzi fupi nene, akasema hiyo inapenda giza kuliko popo. Akazungusha gurudumu la juu kwenye herufi fulani, akasema, "Iache hapo, usiguse kingine." Uzi mwekundu niliufungua mimi mwenyewe kwenye ile ndogo. Nilikuwa naona kama naacha mtoto kwa watu.

Kamera mpya ilikuwa nyeusi, nzito, ina vitufe mgongoni, ina vitufe begani, na gurudumu lenye herufi na vipicha. Kipicha cha mlima, kipicha cha mtu anayekimbia, kipicha cha ua. Ilikuja na kitabu cha lugha kumi na moja, yetu haikuwemo.

"Huyu anayekimbia ni wa nini?" nikamuuliza Tulia.

"Sijui, mama. Labda ni mteja akishaona picha yake."

Jumapili alijaribu kunipiga mimi na Mama Mapacha. Picha zilionekana kwenye kioo cha nyuma, kidogo kama sanduku la kiberiti, na zilipendeza. Sauti yake tu ndiyo niliiona ngeni. Ile ndogo ilikuwa inasema "tii", hii inasema "krach", kama mkasi mpya kwenye kitambaa kigumu.

Jumanne akaenda chuoni na kitambaa changu begani. Akawapiga wanafunzi sitini na wawili, akarudi anatabasamu, jambo ambalo kwa Tulia ni sawa na mtu mwingine kuimba. Picha zilitakiwa ziwe mezani kwa Matroni Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Jumatatu wanafunzi waanze wodini.

Jumatano asubuhi alipeleka kadi ya kamera kwa Miwani picha zikasafishwe. Miwani ndiye mwenye mashine ya kusafisha picha, mtaa wa pili. Ana miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na huwa anautafuta wa tatu. Saa nne Tulia alirudi bila kitu mkononi, na Miwani nyuma yake, kitu ambacho hakijawahi kutokea, yule mzee haachi mashine yake.

"Mama Tulia," akasema, "nimeona nije mwenyewe, maana huyu hanisemeshi. Hawa wauguzi walipigwa picha wakiwa wanaoga?"

"Wanaoga vipi?"

"Wote wana mvuke usoni. Sitini na wawili. Hakuna aliyepona."

Akatoa mfano, picha moja aliyoisafisha kwa ukubwa wa daftari ili tuone ubaya. Msichana alikuwepo, kofia ipo, macho yapo mahali pa macho, lakini ilikuwa kama unamtazama kupitia kioo ulichokipumulia. Nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu. Nikadhani ni macho yangu. Miwani akanipa miwani yake ya kichwani, ikawa vile vile.

"Lakini kwenye kioo cha kamera zilikuwa nzuri," Tulia akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu aingie.

"Kwenye kioo kidogo hata mimi ni kijana," Miwani akamjibu.

Alipoondoka tulikaa tukitazamana. Mimi kitu nisichokielewa huwa nakishughulikia kwa mikono, kwa hiyo nikachukua kitambaa laini cha pamba nikafuta lenzi. Haikuwa na vumbi. Tulia akafungua kile kitabu, akasoma maneno machache ya Kiingereza aliyoyajua, akafunga. Kisha akanikalisha kwenye stuli akanipiga picha moja kwa kila herufi na kila kipicha cha gurudumu. Mlima, ua, mtu anayekimbia. Nilikaa pale nusu saa nimekunja uso, yeye anasema "Tulia" na mimi ndani yangu nasema nitatuliaje.

Akapeleka kwa Miwani, akarudi. Kwa herufi moja nilikuwa giza tupu. Kwa zilizobaki nilikuwa mvuke.

"Basi imeharibika," nikasema. "Turudishe."

"Mama, mashine iliyoharibika haiharibiki hivi. Ingekataa kabisa."

"Wewe umejuaje inavyotakiwa kuharibika?"

Aliiweka mezani akaitazama kama anavyotazama watu.

Alhamisi asubuhi ndiyo ilituvuruga kabisa. Mapacha wa jirani walikuwa wamekaa kizingitini kwetu wanakula muwa. Tulia alitoka na kamera, bila kitambaa, bila kuwaambia watulie, akawapiga picha mbili akaenda nazo kwa Miwani. Akarudi mbio. Zile picha, nakwambia, zilikuwa kali kama kisu. Niliona nyuzi za muwa kwenye meno ya Kulwa, mmoja wa wale mapacha. Niliona kope. Kama yule muuzaji angekuwepo ningemhesabia nyusi.

"Kumbe nzima," nikasema.

"Nzima," akasema Tulia, na uso wake ukazidi kuchanganyikiwa. "Nje inafanya kazi. Ndani haifanyi."

"Basi ni giza. Tumpige mtu nje."

Tukatoa stuli, tukatundika kitambaa kwenye ukuta wa nje kwa misumari miwili, juani kabisa, nikakaa mimi. Watu wakasimama kuangalia. Mama Mapacha akauliza kama naolewa. Tulia akapiga, akaenda, akarudi anatembea polepole. Mvuke.

Nje bila kitambaa, sawa. Nje na kitambaa, ukungu. Ndani na kitambaa, ukungu. Hata mimi niliyeishia darasa la saba niliona hesabu inaelekea wapi, na sikuipenda.

"Kwa hiyo kitambaa changu ndicho kibaya," nikasema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Hujasema, lakini unakitazama."

"Labda kinarudisha mwanga vibaya. Kimezeeka. Sijui. Nasema tu labda."

Mama Mapacha, ambaye alikuwa bado amesimama pale, akasema kwamba vitu vya namna hiyo mara nyingi ni jicho la mtu, kuna mtu ameionea wivu kamera. Nikamwambia kama ni jicho la mtu, basi mtu huyo ana macho mazuri kuliko kamera, aje atufanyie kazi.

Nikakishusha kitambaa changu nikaenda kukifua. Nilikifua kwa sabuni ya mche mara mbili, nikakianika. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo ilinivalisha viatu. Nilimwambia Tulia nakwenda kununua uzi. Nilikwenda kwa yule muuza kamera.

"Ile ndogo," nikamwambia. "Yenye mchubuko pembeni. Nimekuja kuiomba. Hata kwa kuiazima, mpaka Jumamosi."

"Mama, ile iliondoka siku ile ile. Aliichukua mwanamke mmoja msafiri, hata hakuulizia mfuko wake."

Nikasimama pale nashika ukingo wa meza yake ya kioo. Akaniuliza kama kubwa ina tatizo. Nikasema haina. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda sikutaka acheke tena. Nikarudi nyumbani bila kamera na bila uzi, na jambo hilo Tulia halijui mpaka leo, labda akisoma hapa.

Kitambaa kilikuwa kimekauka. Nikakipiga pasi juu ya meza ya cherehani. Zile picha kubwa za Miwani zilikuwa zimelala hapo hapo, ile ya msichana wa chuo na ile yangu mimi, zikisubiri kutupwa. Nilizisogeza pembeni zisiungue, taa ya cherehani ikaziangukia, na hapo nikaona kiraka changu.

Nieleze. Mwaka juzi pasi ilichoma kitambaa cha picha, tundu la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, juu ya bega la mtu anapokaa. Nilikipiga dafu, yaani nililiziba tundu kwa kulisuka kwa uzi mweupe, lakini uzi mweupe niliokuwa nao ulielekea maziwa, na kitambaa kilielekea chokaa. Nilifanya kazi safi, hakuna aliyewahi kukiona. Tulia mwenyewe hakujua. Na sasa kiraka kilikuwa pale kwenye picha, nyuma ya bega la yule mwanafunzi, kila uzi unaonekana, unaokwenda juu na unaopita chini yake. Unaweza kuhesabu. Niliona hata mahali nilipofunga fundo.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni aibu. Nikasema moyoni, kumbe Matroni angekipokea kiraka changu mara sitini na mbili.

Kisha nikachukua picha yangu. Sura yangu mvuke, kama ya mtu anayesahauliwa. Nyuma yangu kiraka kile kile, kikali kama kwenye kiganja changu. Nikachukua ile ya mapacha. Nyuso kali. Nyuma yao mlango wetu, na maandishi ya TUNASHONA NGUO hayasomeki, yamelowa kama sabuni.

Nilizipanga zote tatu. Nilikuwa sielewi, lakini nilikuwa sielewi kwa namna nyingine, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa lakini hajui ni mlango upi.

"Tulia," nikamwita. "Hebu njoo. Hii kamera yako inatazama kitambaa."

Akatoka nyuma ya pazia. "Inatazama nini?"

"Kitambaa. Haimtazami mtu. Angalia dafu langu, angalia nyuzi. Halafu niangalie mimi. Mimi sipo. Kilichopigwa picha hapa ni kitambaa, mimi nimepita tu mbele yake."

Akainama. Alitazama muda mrefu sana, pua yake karibu iguse karatasi.

"Mama, kamera haichagui," akasema. "Inashika pale ninapo..."

Akasimama wima, na mkono wake wa kulia ukainuka peke yake hewani, kama umeshika kamera. Ukaenda kushoto, usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Ukasimama hapo. Kidole kikabonyeza nusu. Kisha mkono ukarudi kati.

"Kifungo," akasema.

Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, ambacho hakai kamwe. Miaka saba alikuwa anaiambia kamera itazame kifungo, na kifungo kimeshonwa kwenye kitambaa, na kitambaa kiko hatua moja nyuma ya mtu ili kivuli kisimwangukie. Ile ndogo iliambiwa itazame kifungo, ikaona kila kitu. Hii kubwa iliambiwa itazame kifungo, ikatii, ikatazama pale tu. Hakuna aliyemwambia Tulia aache, maana hakuna aliyejua kama bado anafanya. Hata yeye.

Mimi nilikuwa nimeshika pasi. Niliiweka chini, nikachukua mkasi.

"Subiri, mama," akasema.

"Nisubiri nini?"

"Sijui. Kimekaa miaka mingi."

Nikakikata. Kiliacha vitundu vinne vidogo na doa jeupe la mviringo, jeupe kuliko kitambaa chenyewe.

Kesho yake, Ijumaa, Tulia alikwenda kuongea na Matroni, na mimi nilikwenda naye nikiwa nimekumbatia kitambaa. Aliniambia nisiende. Nilimwambia kitambaa kinakwenda, na mimi ndiye mwenye kitambaa.

Matroni alisikiliza akiwa amesimama. Tulia hakumficha kitu. Alisema, "Nilikosea, picha zote zimeharibika, naomba nizirudie leo." Nilidhani ataongeza habari ya kamera mpya, ya giza, ya kifungo. Hakuongeza.

"Wana mtihani wa bandeji saa saba," Matroni akasema. "Una saa mbili na nusu. Na huyu mama?"

"Ni mama yangu."

"Amekuja kunibembeleza?"

"Nimekuja kutundika kitambaa," nikasema.

Akanitazama. Nikakagua kucha zangu.

Wakajipanga kwenye ukumbi wa mabenchi, sitini na wawili, wananung'unika kwamba wameshapigwa. Mmoja akasema, "Dada Tulia, leo nisitulie? Juzi nilitulia, mkaniharibu." Wenzake wakacheka. Msichana wa kwanza akakaa.

Nilisimama pembeni ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza niliona kazi ya binti yangu bila pazia. Aliinua kamera. Kamera ikaenda kushoto, juu, mahali pale pale. Ikakuta weupe mtupu. Lenzi ikaanza kuhangaika, zii, zii, haina pa kushika. Tulia akasimama hivyo, kamera ikitazama patupu. Kisha ikashuka polepole, ikaja usoni kwa msichana, kwenye jicho.

"Pii."

"Tulia," akasema. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Kila msichana ilikuwa hivyo hivyo. Kushoto kwanza, patupu, kisha kurudi. Kila alipompiga mmoja alikibonyeza kitufe ambacho Miwani alimwonyesha cha kukuza picha kwenye kioo, akatazama macho, ndipo akamwita mwingine. Kwa ajili hiyo tulichelewa. Saa saba kasoro dakika tano walikuwa wamebaki wanne, na Matroni akaja kusimama mlangoni. Wa mwisho alipigwa picha akiwa tayari ameshika bandeji.

Miwani alizisafisha jioni ile ile. Alituletea mwenyewe tena, akaweka bahasha juu ya cherehani, akasema, "Wamejikausha."

Jumamosi saa tano tulikuwa ofisini kwa Matroni. Alizipitia moja moja, sitini na mbili, kama anayegawa dawa. Kwenye moja akasimama. Akaisogeza dirishani. Nikatazama vidole vya Tulia, vilikuwa vimeshika mkanda wa mfuko mpaka vimepauka.

"Huyu ana kovu hapa juu ya jicho?" Matroni akauliza.

"Ndiyo," Tulia akasema.

"Sikuwahi kuliona." Akaiweka chini, akaendelea na nyingine. Alipomaliza akazigonga mezani zikae sawa, akasema, "Mwakani uje wiki moja kabla. Na uje na kamera hiyo hiyo, usiniletee nyingine mpya."

Njiani nilimuuliza Tulia swali lililonikera siku tatu. "Ile ndogo iliwezaje? Uliidanganya vile vile, lakini haikukuaibisha."

Akafikiri. "Ile ilikuwa inaona vyote, mama, lakini kidogo kidogo. Hii inaona kimoja."

Nikasema, "Aa." Sikuelewa. Mpaka leo naliwaza nikiwa nashona, kwamba kitu kinaweza kuwa na nguvu zaidi na kuona vichache zaidi, na kila nikifika katikati ya wazo hilo uzi unanikatikia. Alijaribu kunieleza tena kwa kutumia vidole viwili, kimoja karibu na jicho na kimoja mbali. Niliona vidole viwili.

Kifungo nimekirudisha kwenye kopo la vifungo. Kazi zimekuja kidogo zaidi, watu wa mtaani wanataka kuonekana kope. Nikiwa mbele kwenye cherehani nasikia yanayotokea nyuma ya pazia kama zamani. Mteja anakaa, stuli inalia. Kisha kunakuwa na kimya kifupi, na lenzi inasema zii, zii. Najua kamera imekwenda kushoto, juu, inatafuta. Naondoa mguu kwenye pedali na kusubiri, mpaka nisikie ile "pii", na sauti ya binti yangu ikimwambia mtu atulie.